Chumba cha Nyuma

SEHEMU YA KWANZA

Dada wa mapokezi alilitafuta jina langu kwenye kompyuta, akalitafuta tena kwenye daftari, halafu akaniuliza kama nina hakika nililipia hoteli hii na si nyingine. Nikamwonyesha ujumbe wa malipo kwenye simu. Kila kitu kilikuwemo: chumba cha vitanda viwili, nyumba kubwa, ghorofa ya juu, dirisha la kuangalia bustani, moto wa kuni chumbani.

"Ni kweli umelipa, dada," alisema kwa sauti ya chini. "Ila kuna watu wa semina. Walikuwa waondoke leo asubuhi, wameongeza siku. Nyumba kubwa yote imejaa."

Nyuma yangu Bibi alikuwa amesimama na fimbo yake, kanga mbili juu ya sweta, kilemba kimelowa ukungu. Viti vya ngozi vilikuwepo, nilimkaribisha akae, hakukaa. Macho yake yalikuwa kwenye mlango tulioingilia, mlango mzito wa mbao wenye kitasa cha shaba.

"Miaka yote niliyokaa hapa," aliniambia, "mlango huu sikuwahi kuupita. Niliusugua tu."

Safari hii aliitaka yeye. Nilikuwa namwonyesha picha za hoteli za milimani nikitafuta mahali pa kumpumzisha, maana joto la Tanga limeanza kumchosha, na tulipofika kwenye hii akanishika mkono. Mtu mwingine angetazama bustani, au vile vitanda vya zamani vyenye nguzo. Bibi alivipita vyote akarudi kwenye picha moja ya sebule, iliyopigwa vibaya, yenye kabati la kioo pembeni. Akaniambia niikuze. Nikaikuza mpaka ikaharibika. "Nipeleke hapa," alisema. "Nataka nilale usiku mmoja." Kwetu kila mtu anajua kwamba Bibi aliwahi kuwa yaya kwa wazungu wa Lushoto alipokuwa msichana mdogo, na hakuna anayejua zaidi ya hapo. Nikaweka akiba, nikalipa chumba ambacho bei yake ingetosha ada ya muhula kwa mtoto wa mtu.

Tuliondoka Tanga alfajiri. Muheza, Segera, Korogwe na mashamba yake ya mkonge, hadi Mombo, tukala mihogo ya kukaanga kituoni kabla ya kuanza kupanda. Kutoka Mombo hadi Lushoto hazifiki kilomita 40, lakini barabara hiyo imechongwa ubavuni mwa mlima na kila kona inakutoa kwenye hali ya hewa moja ikakuingiza kwenye nyingine. Jasho lilitukauka kabla ya Soni. Pale Soni akina mama walikimbilia gari na karoti na kabichi, Bibi akawasalimia kwa Kisambaa, nao wakacheka kwa furaha kwa sababu anaongea kama vikongwe wao waliokwisha kufa. Mwezi wa saba huku ni baridi ya kweli. Nilimfunika blanketi, yeye akalishusha apate kuona mikaratusi ikipita.

"Babu yangu aliipanda milima hii kwa miguu," alisema. "Reli ya Wajerumani iliishia Mombo. Mabati ya ile nyumba yalipanda kichwani mwa watu. Kichwani mwake."

Reli hiyo ilifika Mombo mwaka 1905, na mji wa Lushoto wakati huo Wajerumani waliuita Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Walipapenda kwa sababu ya ubaridi. Nikiwa garini nilifurahi kwamba mjukuu wa mtu aliyebeba mabati kichwani atalala chini ya mabati hayo, juu ya godoro zuri, moto ukiwaka. Nilifurahi kuliko ninavyoweza kueleza. Ndiyo maana maneno ya dada wa mapokezi yaliniuma.

"Basi mturudishie pesa," nilisema.

Akaja meneja, kijana wa suti, mwenye salamu nzuri. Alimwamkia Bibi shikamoo, akaniita pembeni. Kurudisha pesa ni utaratibu wa ofisi ya Dar es Salaam, alisema, na leo ni Jumamosi. Ila vipo vyumba vya nyuma, vimekarabatiwa, vizuri tu. Bei? Ileile, kwa kuwa huduma ni zilezile. Giza lilikuwa linaingia, mvua nyembamba ya mlimani imeanza, na Bibi amevuka miaka themanini. Ningemrudisha wapi?

"Mzee Dobi!" meneja aliita. "Wabebee wageni mizigo."

Alikuja mzee mrefu mwenye koti la ulinzi na kofia ya sufu. Alipiga goti kidogo mbele ya Bibi. "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu." Bibi alimtazama kwa muda mrefu kuliko salamu inavyotaka.

Tukalipita jiko, tukapita kamba za kuanikia na rundo la kuni chini ya turubai. Zile kuni zilikuwa nyingi. Kisha tukaona banda refu la mawe lililopakwa chokaa, milango mitano midogo, kila mmoja umechorwa ua. Yalikuwa makazi ya watumishi. Hakuna rangi ingeweza kuficha hilo: madirisha yako juu, madogo, na mtu mrefu lazima ainame aingie. Mzee Dobi alifungua mlango wa tatu.

Bibi hakuingia. Alisimama kizingitini, akampa Mzee Dobi fimbo amshikie, akaupeleka mkono ndani ya fremu ya mlango, chini kabisa, karibu na goti. Vidole vyake vilipapasa chini ya rangi mpya mpaka vikapata kitu. Nikawasha tochi ya simu. Palikuwa na michongo miwili ya kisu, mmoja mrefu, mmoja mfupi.

"Huu mfupi ni mimi," alisema. "Humu nilikuwa nalala na dada yangu."

Nililishika koti la Mzee Dobi nisianguke kwenye kizingiti. Bibi hana dada. Mama yangu, wajomba zangu, sisi wajukuu wote, tumekua tukiambiwa kwamba Bibi ni mtoto wa pekee kwao.

*ITAENDELEA*

SEHEMU YA PILI

*ILIPOISHIA: Mjukuu amempeleka bibi yake kulala katika hoteli ya Lushoto aliyowahi kuitumikia utotoni. Wamepewa chumba cha nyuma, na Bibi amemtaja dada asiyejulikana na mtu. SASA ENDELEA…*

Nilitaka kumuuliza palepale. Akanikatisha: "Kwanza nipate maji ya moto, mwanangu. Miguu imekufa."

Maji ya moto hayakuwepo. Bomba lilitoa maji ya kutu, kisha hewa. Heta ya bafuni ilikuwa na waya uliofungwa kwa gundi ya karatasi, sikuthubutu kuigusa. Nilikwenda mapokezi, nikaahidiwa ndoo. Ndoo ilikuja baada ya muda mrefu, ikiwa vuguvugu, nusu. Nikamkanda miguu Bibi kwa maji hayo nikiwa nimeshika machozi, maana blanketi lilinuka ukungu, shuka lilikuwa na unyevu kama limetoka kuanuliwa mvuani, na ukutani, juu ya kitanda cha bibi yangu, walikuwa wametundika picha ya moto wa kuni.

Halafu umeme ukakatika. Jenereta ikanguruma, nyumba kubwa ikawaka madirisha yote. Banda letu halikuunganishwa.

Chakula tulikwenda kula nyumba kubwa, kwa tochi. Watu wa semina walikuwa wamemaliza kuku wote wa kuchoma. Tulisubiri hadi Bibi akaanza kusinzia mezani, ndipo ikaja sahani ya wali uliopoa na mchuzi wa maji. Katika nchi ya viazi, karoti, maharage mabichi na maziwa, walitupa kabichi iliyochemshwa mpaka ikapoteza rangi. Bili haikupoa wala kupungua. Hotuba ya mtu wa semina ilikuwa inaendelea chumba cha pili, kwenye kipaza sauti.

Yote hayo ningeyasamehe. Jenereta huharibika na mpishi huchoka. Kilichonikasirisha kilikuwa ukumbini, ukutani, ndani ya fremu nzuri, kikiwa kimemulikwa taa. Ulikuwa ubao wa historia ya nyumba, kwa Kiingereza, wenye kurasa na picha. Mkulima wa Kijerumani aliijenga. Baada ya Vita vya Kwanza Waingereza walizichukua mali za Wajerumani kama mali ya adui, zikauzwa, na nyumba ikaangukia kwa familia ya Kiingereza iliyojaribu kahawa, ikashindwa, ikageukia maua na mboga. Aina ya mbao imetajwa. Mbegu za waridi zimetajwa zilikotoka. Picha kubwa kuliko zote inaonyesha familia hiyo kwenye ngazi za mbele: bwana, memsahibu, watoto wawili, na pembeni msichana mwembamba mweusi amebeba mtoto wa tatu. Chini yake wameandika majina. Bwana, memsahibu, watoto watatu na mbwa. Mbwa ana jina lake, msichana hana.

Nililiangalia paji la uso la yule msichana, nikamgeukia bibi yangu. Sikuhitaji kuuliza.

"Kiatu nilichovaa hapo ni cha kuazimwa," Bibi alisema. "Walikichukua picha ilipokwisha."

Hoteli hizi za nyumba za kale zinatuuzia historia, kitanda ni nyongeza tu. Bei yote ile ni ya historia. Basi iwe historia nzima. Kama mna nafasi ukutani ya mbwa, mna nafasi ya mtoto aliyemlea mrithi wenu usiku na mchana. Nilimwambia meneja hivyo hivyo. Alisikiliza kwa adabu, akasema ubao waliukuta.

Alipotuona tunatoka, Mzee Dobi alitusindikiza kwa taa ya chemli, kwa kuwa njia ilikuwa na utelezi. Nilimuuliza, ili kuondoa uzito, kama zamani alikuwa dobi kweli.

"Sijawahi kufua nguo ya mtu, mjukuu wangu," alijibu. "Jina nililikuta. Nilizaliwa humuhumu."

Chumbani, gizani, blanketi zote mbili juu yake na koti langu juu ya blanketi, Bibi alizungumza. Aliongea akiangalia dari.

"Serikali ya Mwingereza ilitaka kila mwanamke achimbe matuta shambani kwake. Walianzia Mlalo, baada ya vita ya Hitler, wakaja mpaka kwetu. Matuta kwenye mteremko, matuta juu ya matuta, shamba linakwisha kwa matuta na mtoto hajala. Wachimbaji ni sisi wanawake. Mama akakataa. Akapelekwa barazani, akatozwa faini. Nyumbani hatuna hata senti. Bwana wa nyumba hii akailipa, na mimi na dada tukaja kuifanyia kazi. Dada dobi, mimi yaya."

"Mwaka gani, Bibi?"

"TANU ilikuwa na miaka miwili."

Mwaka 1956. Alikuwa na miaka kumi na miwili hivi.

"Mama akaugua, nikaitwa nyumbani. Dada akabaki. Tukazika, nikarudi mpaka getini, nikaambiwa dada yako ameshuka Tanga na mtu, asitafutwe. Baba akasema jina lake lisitajwe tena. Halikutajwa." Alinyamaza, akanitajia hilo jina.

Ni langu. Ndilo jina alilonipa Bibi mwenyewe siku niliyozaliwa, na mama yangu hakuwahi kujua limetoka wapi.

Sijui usingizi ulinipitia saa ngapi. Nilipozinduka jenereta ilikuwa imezimwa na baridi imeingia mpaka mifupani, kwa sababu mlango ulikuwa wazi. Blanketi zote zilikuwa juu yangu. Kitanda cha Bibi kilikuwa kitupu, na fimbo yake haipo.

Nilikimbia pekupeku kwenye majani yaliyolowa, nikimwita kwa sauti ya kunong'ona nisiamshe watu. Nyumba kubwa ilikuwa giza isipokuwa dirisha moja la sebule, lililokuwa na mwanga wa chemli. Mlango wa mbele, ule mzito, ulikuwa umeegeshwa tu. Nikausukuma.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha bwana. Nyuma yake kabati la kioo lilikuwa wazi, funguo zinaning'inia. Mzee Dobi alikuwa amesimama ameshika taa, kofia mkononi. Mezani palikuwa na daftari kubwa la jalada jekundu, limefunuliwa, na juu ya ukurasa wake, mweusi kwa masizi ya taa, ulikuwa unashuka polepole mkono wa kushoto wa bibi yangu, dole gumba limenyooshwa.

"Bibi, usiweke!" nilipiga kelele.

*ITAENDELEA*

SEHEMU YA TATU

*ILIPOISHIA: Usiku wa manane Bibi ameingia nyumba kubwa, kabati limefunguliwa, na dole lake lenye masizi linashuka juu ya daftari la kale. SASA ENDELEA…*

Mkono ulisimama. Kisha Bibi akausogeza pembeni, akaliweka dole juu ya karatasi niliyoitambua: bili yetu ya chakula, imegeuzwa nyuma. Alilibonyeza kwa utaratibu wa mtu aliyefundishwa, kutoka kushoto kwenda kulia.

"Funga mlango, baridi inaingia," alisema. "Njoo unisomee Kizungu. Tarakimu nimeshasoma mwenyewe."

Kumbe hilo ndilo aliloliona kwenye picha, nami nikadhani ni ukungu: mgongo mwekundu wa daftari, ndani ya kabati la kioo, limewekwa liwe pambo kati ya kikombe cha fedha na darubini. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi memsahibu alikuwa akikaa kwenye meza ileile, watumishi wamepanga foleni nje ya dirisha, mkono mmoja unapokea pesa na mwingine unaweka dole. Bibi aliweka dole juu ya maandishi asiyoyajua, mwezi hadi mwezi. Lilimkaa moyoni. Mwaka 1970, Nyerere alipoutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, Bibi alikwenda darasani chini ya mwembe akiwa na mimba ya mjomba wangu, na wenzake walipomuuliza anataka kusoma nini, akasema: nilichowekea dole.

Nilivuta kiti. Mzee Dobi akainua taa.

Mwandiko ulikuwa mzuri, wa wino, umelala upande mmoja. Safu ya kwanza majina, ya pili mshahara, ya tatu makato, ya nne kilichobaki, ya tano madole. Jina la Bibi lilikuwa limekosewa herufi mbili. Mbele yake, kwenye makato, memsahibu aliandika sababu, na kila mwezi aliinakili upya: faini ya mama, matuta.

"Soma mwezi baada ya mwezi," Bibi alisema. "Usiruke."

Nikasoma. Deni lilipungua. Kila ukurasa nilimtajia kilichobaki, naye alitikisa kichwa akihesabu kwa vidole. Kabla mwaka haujaisha nilifika kwenye mstari ambapo deni limepigiwa mstari mara mbili na kuandikwa neno moja: limekwisha.

"Limekwisha?"

"Ndivyo ilivyoandikwa, Bibi."

"Endelea."

Mwezi uliofuata makato yalikuwepo. Kiasi kilekile, sababu ileile, faini ya mama, matuta. Na mwezi uliofuata huo. Nilipekua kurasa mbele nikitafuta mahali ambapo kosa limegunduliwa na kusahihishwa. Halikusahihishwa. Waliendelea kumkata mtoto pesa za deni ambalo wao wenyewe, kwa wino wao wenyewe, walikuwa wameandika kwamba limelipwa. Mpango wenyewe wa matuta ulikuja kushindwa, Wasambaa waliukataa mpaka serikali ikauacha kabla ya Uhuru. Ulipokufa mpango, makato yalikuwa bado hai kwenye daftari hili.

Bibi hakulia. Aliivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kanga.

"Mama alinishika mkono siku ile ya mwisho," alisema. "Akaniambia, mwanangu, nakuachia deni langu, nisamehe. Alikufa akiamini anadaiwa."

Sijui niseme nini juu ya hilo hata leo. Nilikuwa nimekasirikia maji vuguvugu na wali uliopoa, na hapa palikuwa na mwanamke aliyeomba msamaha kwa mtoto wake akiwa kitandani mwa kufia, kwa deni lisilokuwepo, na ushahidi umewekwa ndani ya kioo ili wageni waupige picha.

"Sasa angalia madole," Bibi alisema.

Aliisogeza ile bili karibu na daftari. Alama yake mbichi ya masizi ilikuwa na mchirizi mweupe uliokata katikati, kutoka ukingo hadi ukingo. Kovu hilo nalijua, tulilichezea sote tulipokuwa wadogo. Ni la pasi ya mkaa.

"Niliungua wiki ya kwanza, kwa pasi ya dada. Kila dole langu lina mchirizi. Tafuta."

Nilitafuta. Mwezi wa kwanza mchirizi upo. Wa pili upo. Nikashuka kurasa hadi mwezi ambao, kwa hesabu ya Bibi, aliitwa nyumbani kwa mama yake, mwezi ambao hakuwepo tena katika nyumba hii. Nilitarajia kuona jina lake limekatwa.

Jina lilikuwepo, na mshahara, na dole. Dole hilo lilikuwa zima, pana kidogo, mistari yake imelegea kama ya mtu anayeshinda na mikono majini. Hapakuwa na mchirizi. Ukurasa uliofuata, dole hilohilo. Na uliofuata. Mtu alikuwa amesimama dirishani kila mwisho wa mwezi na kupokea mshahara wa Bibi kwa jina la Bibi, na memsahibu, aliyewajua wote wawili kwa sura, aliandika na kulipa.

"Si langu," Bibi alisema. "Ni la dada. Hakushuka Tanga. Alikuwa humu."

Mwanga ulicheza ukutani. Nilitazama juu, nikaona ni mkono wa Mzee Dobi unaotetemeka.

"Kuna maandishi ya penseli, chini," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Kwenye mwezi wa mwisho, kona ya kulia. Madogo. Hayo ndiyo nisomee, mjukuu wangu."

Alikuwa anajua yalipo. Nililisogeza daftari kwenye mwanga. Penseli ilikuwa imefifia, mwandiko uleule lakini wa haraka, umebanwa ukingoni, mahali ambapo mtu anayepitia hesabu hawezi kuangalia. Nilisoma mara moja kimya, kisha kwa sauti, kwa Kiswahili, neno baada ya neno:

"Kwa matunzo ya mtoto wa dobi. Isiingie kwenye hesabu za bwana."

Bibi aligeuka kitini. Ilimchukua muda, mwili wake ni mzito sasa. Alimtazama yule mzee kuanzia viatu hadi kichwani kusiko na kofia, kama alivyomtazama jioni alipoipokea shikamoo yake.

"Jina hilo," alisema, "ulilikuta. Nani alikuita hivyo mara ya kwanza?"

"Wapishi, mama. Walikuwa wakiniita Mtoto wa Dobi. Nilipozeeka wakaona aibu kumwita mzee mtoto, wakakata."

"Na mama yako?"

Mlango wa sebule uligongwa. Mwanga wa tochi ulipita chini yake, ikafuata sauti ya meneja. "Nani yuko humo? Mzee Dobi? Umemfungulia nani kabati? Nimeshaita polisi, fungua!"

Mzee Dobi aliiweka taa mezani. Akatembea hadi mlangoni, nikadhani anakwenda kufungua, maana ana kazi ya kulinda na umri wa kustaafu, na usiku huu ungemnyang'anya vyote viwili. Alilishusha komeo. Akavuta kabati la vikombe, akaliegemeza mlangoni. Kisha akarudi, akapiga magoti kando ya kiti cha Bibi, akaingiza dole lake gumba la kushoto kwenye masizi ya chemli.

"Funguo hizi ninazo miaka mingi," alisema. "Nimelifungua daftari hili usiku mwingi kuliko ninavyokumbuka. Ukurasa unaofuata huo kuna dole dogo la mtoto mchanga, na chini yake mistari miwili. Sijui kusoma Kizungu, na niliogopa kumpa mtu wa nyumba hii anisomee. Geuza, mjukuu wangu. Soma yote, hata kama ni baya."

Meneja aliupiga mlango kwa bega. Vikombe vikaanguka. Bibi akaushika mkono wa yule mzee, ule wenye masizi, akaukaza.

Nikageuza ukurasa.

*ITAENDELEA JUMAMOSI IJAYO*